Programu Moja kwa Moyo na Nyenje

Nimeambiwa mara nyingi kwamba mshika mawili moja humponyoka, nami nilikuwa nimeshika matatu: afya, wadudu na kompyuta. Niliyaweka pamoja nilipoacha kuyasoma kama masomo na kuanza kuyauliza swali moja: kitu hiki kinapiga mara ngapi kwa dakika?

Nilianza na moyo, kwa kuwa huo ninatembea nao. Moyo wa mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wanamichezo wa mazoezi makali hushuka hata karibu na 40. Ukiifunika kamera ya simu kwa ncha ya kidole, taa yake ikiwa imewashwa, kila pigo huleta damu zaidi kidoleni, damu hiyo hunyonya mwanga, na picha hufifia kidogo sana. Jicho halioni, kompyuta inaona. Nikaandika programu fupi kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta: inapima wekundu wa kila picha, inachora grafu, inahesabu vilele. Picha 30 kwa sekunde zinatosha kabisa.

Tatizo likawa kwamba wimbi la pigo lina kinundu cha pili kinachofuata kile kikubwa, na programu ilivihesabu vyote viwili. Dawa yake ni kuiamuru ifumbe macho kwa muda mfupi kila inapokutana na kilele.

Kisha nikaipa programu hiyo sauti ya nyenje ihesabu milio, nao wakanipa ugonjwa uleule. Mlio mmoja, ukiutazama kwenye grafu ya sauti, ni vipande kadhaa vilivyobanana, kwa sababu dume (majike hawalii) husugua mabawa yake mara kadhaa upesi upesi. Basi nilibadilisha tu urefu wa ule muda wa kufumba macho, programu ikafanya kazi.

Hesabu hiyo ina faida. Mwaka 1897 mwanafizikia Mmarekani, Amos Dolbear, alichapisha kanuni ya kukadiria joto la hewa kwa milio ya nyenje, maana mwili wa mdudu hufuata joto la nje: hewa ikipoa, naye hulia polepole. Siku hizi hurahisishwa hivi: hesabu milio ya sekunde 8, jumlisha 5, upate nyuzi za Selsiasi. Lakini kila jamii ya nyenje ina kasi yake, kwa hiyo niliweka kipimajoto kando na kutafuta kanuni ya wale ninaowasikia mimi.

Grafu ya moyo ilinionyesha pia kwamba mapigo huongeza kasi nikivuta pumzi na kuipunguza nikiitoa, jambo la kawaida kwa watu wenye afya. Hata hivyo sijifanyi daktari. Kamera haioni umeme wa moyo, na mwenye mapigo ya kurukaruka au maumivu ya kifua aende hospitali. Kwa nyenje, angalau, hakuna anayeumia hesabu ikienda kombo.