Aliyeshika Hasemi, Anayesema Hashiki

Nilipangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi mwaka 2019, shule ya msingi wilayani Kondoa, upande wa Kolo, ambako magari ya watalii hukata kona kwenda kuangalia michoro ya miambani. Mimi ndiye niliyekuwa na umri mdogo kuliko walimu wote pale, na kwa sababu hiyo tu nikapewa Sayansi na Teknolojia darasa la tano, pamoja na chumba cha kompyuta. Hakuna aliyeniuliza kama nimesomea. Kijana anahesabiwa kuwa anajua, basi.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya zamani ya vitabu. Mlango wa chuma, kufuli mbili, dirisha dogo lenye nondo. Ndani mlikuwa na kompyuta 5 za mezani na printa moja, zilizofika miaka kadhaa kabla yangu, kila moja imefunikwa kwa kitambaa cha kitenge alichokishona mwalimu mmoja aliyekwisha kuhama. Funguo zilikaa kwenye droo ya mwalimu mkuu, na hazikutoka bila yeye mwenyewe kuinuka.

Nataka nimtendee haki mzee yule. Kompyuta zile zilikuwa zimeandikwa kwenye leja kwa namba, na sahihi iliyo chini ni yake. Mkaguzi wa ndani akija kutoka halmashauri haulizi watoto wamejifunza nini, anauliza mali iko wapi na iko katika hali gani. Tena umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ulinunuliwa kwa fungu lile lile la ruzuku ya serikali linalonunua chaki na karatasi za majaribio. Kwa sera ya wakati ule, ruzuku ya shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ilibaki huko juu kwa ajili ya vitabu kabla haijafika shuleni. Mtu mwenye hesabu hiyo mezani pake akiamua kufunga mlango, namwelewa.

Ila kila Ijumaa mlango ulifunguliwa. Ulifunguliwa kwa ajili ya usafi.

Ijumaa yangu ya kwanza nilipita pale nikawakuta wasichana wa darasa la tano wamevua viatu nje, wako ndani na vitambaa vyenye unyevu. Kondoa kiangazi ni vumbi jekundu, linapita hata chini ya mlango uliofungwa. Walikuwa wanafuta meza, wanafuta vioo vya kompyuta, wanakunja vile vitenge na kuvirudisha kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuona mtu mzima akifanya. Mmoja wao, mrefu, mkimya, alinionyesha kompyuta iliyokuwa na ufa pembeni akaniambia ile isishikwe kwa juu. Aliijua ile mashine kama anayeitumia. Nikamuuliza kama amewahi kuziona zikiwaka.

"Hapana mwalimu. Sisi tunafuta vumbi tu."

Jibu lile lilinikaa. Lilinikaa kwa sababu nilikuwa na langu. Chuoni kwetu, kipindi cha kompyuta, wanafunzi tuliingia maabara kwa kundi na wavulana walifika kwenye viti kwanza. Sisi wengine tulisimama nyuma ya mabega yao tukinakili maelezo: kompyuta ni kifaa cha kielektroniki kinachopokea data, kinachakata, kinatoa matokeo. Nilifaulu somo lile vizuri kabisa. Mara ya kwanza kushika kipanya, yaani mouse ya kompyuta, kwa mkono wangu ilikuwa kwenye steshenari ya dada mmoja mtaani kwetu, nikisubiri ajira, nikimsaidia kuchapa barua za watu za kuomba kazi. Yeye ndiye aliyenikalisha kwenye kiti, akaondoka kwenda kununua chakula, akaniachia mashine na mteja. Namshukuru mpaka leo kwa kuondoka kwake.

Kwa hiyo nilijua mapema tatizo la chumba kile halikuwa uchache wa mashine peke yake. Darasa la tano lilikuwa na watoto 84. Hata wangenipa mashine 20, kama ningesema tu "ingieni mjifunze", wale wasichana wangemaliza mwaka wakiwa wamesimama.

Nikaanza na maboksi. Niliomba maduka ya pale senta wanitunzie maboksi ya biskuti na sabuni, nikayakata, nikawachorea watoto kibodi kwa kalamu nene, herufi zikiwa kwenye mpangilio wake halisi. Kwenye kibodi ya kweli herufi F na J zina kinundu kidogo cha kukujulisha vidole viko wapi bila kutazama. Kwenye zile za boksi tuligandisha punje moja ya uwele kwa gundi, moja kwenye F na moja kwenye J. Watoto walizipenda punje zile. Walifumba macho, wakapapasa, wakaziona kwa vidole, wakaanza kutaja: A iko huku, L iko kule. Wiki nzima darasa lilisikika kama mvua ndogo, vidole 840 vinagonga maboksi.

Kisha nikaenda ofisini.

"Mwanangu," mwalimu mkuu aliniambia, "ikiungua moja utailipa kwa mshahara upi?"

Nikamwambia, "Mkuu, nitaingia na watoto 21 tu kwa mara moja, nitakuwa nao muda wote, na umeme wa siku hiyo nitanunua mimi. Niandikie karatasi nitie sahihi."

Alinyamaza, akafungua droo. "Karatasi haina haja. Ila mimi nitakaa mlangoni."

Siku moja kabla tuliziwasha kuzijaribu. Nne ziliwaka, taratibu sana lakini ziliwaka. Ya tano ililia tu bila kuonyesha kitu. Nilikuwa nimemwona fundi wa steshenari akishughulika na mlio kama ule, nikaomba bisibisi. Mzee alisimama wima nilipofungua ubavu wa mashine ya serikali mbele ya macho yake. Nilichomoa memori, kile kibao kidogo cha kumbukumbu ya mashine, nikaisugua miguu yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikapuliza vumbi, nikairudisha. Ikawaka. Hakusema kitu, lakini alivuta kiti akakaa.

Kwenye flashi nilikuwa na GCompris, programu ya bure ya kufundishia watoto, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 2000. Niliichagua kwa sababu mbili: haihitaji intaneti, na mazoezi yake mengi yanaongozwa na picha, kwa hiyo mtoto anayesoma kwa Kiswahili hakwamishwi na menyu za Kiingereza. Kuna zoezi moja la mwanzo kabisa, kioo kimefunikwa na vigae vya rangi, mtoto anapitisha mshale juu yake na kila kigae kinatoweka, chini yake inatokea picha ya mnyama. Ukiliona unaweza kudhani ni mchezo wa watoto wadogo. Kumbe ndani yake mna jambo gumu kuliko yote kwa mtu anayeanza, yaani kuuachia mkono ufanye kazi mezani huku macho yako kwenye kioo.

Siku yenyewe tuliingia baada ya uji. Watoto 63 walibaki darasani na maboksi yao chini ya mwalimu mwenzangu, 21 wakanifuata, miguu mitupu, mikono imenawiwa. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaweka kiti chake mlangoni.

Ilitokea kama nilivyotegemea. Nilipotamka tu "kaeni", viti vitano vya mbele vikajaa wavulana watano. Wasichana walijipanga nyuma ya mabega bila kuambiwa, mikono mgongoni, hata wale waliokuwa wamezifuta mashine zile Ijumaa iliyopita.

Nikasema wote wasimame. Nikawaeleza sheria ya chumba. Kila mashine ina kazi nne: mmoja ameshika kipanya, mmoja anasema la kufanya, mmoja anatazama kioo na kuhesabu, mmoja anaandika daftarini kilichotokea; na kwa kuwa walikuwa 21, mashine moja ikawa na waandishi wawili. Aliyeshika hasemi. Anayesema hashiki, mikono yake iko nyuma. Nikipiga makofi mawili, mnahama. Na wa kwanza kushika kwenye kila mashine ni yule ambaye hajawahi kushika hata simu ya kugusa ya mzazi wake.

Pakawa na manung'uniko. Mvulana mmoja, kaka yake alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu pale senta, alikuwa ameketi kwenye ile mashine yenye ufa na hakutaka kuinuka. Nilimpa kazi ya kusema. Kiti nikampa yule msichana mrefu wa Ijumaa.

"Mwalimu, huyu hajui," alisema.

"Ndiyo maana tumemweka hapo. Wewe unayejua, mwambie."

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi ilivyo vigumu kumwambia mtu. Mvulana alianza na "hapo!" Msichana akauliza, "Hapo wapi?" "Si hapo!" Akataka kunyoosha mkono, nikaurudisha mgongoni. "Sogeza!" Akasogeza, akiwa ametazama kipanya chenyewe, mshale ukapotelea kwenye kona. Kipanya kikafika ukingoni mwa meza, akakiinua hewani na kukipeleka juu kuelekea kioo, kama wanavyofanya karibu wote mara ya kwanza. Mvulana alikuwa anatokwa na jasho. Alijua kila kitu na maneno hana. Wenzao mashine za pembeni walishaanza kupiga kelele za kubahatisha mnyama: chui! Hapana, ni paka!

Sikuwasaidia. Nilikuwa naumia kutowasaidia, lakini nilisimama tu.

Mvulana alifunga macho, akapumua, akasema polepole: "Usitazame mkono wako. Tazama kioo. Kuna kijishale cheupe kidogo, umekiona? Kile kinafuata mkono wako. Ukienda kulia, nacho kinaenda kulia. Mkono uuache mezani, usiunyanyue."

Nimefundisha madarasa mengi baada ya pale na bado natumia maneno ya mtoto yule, kwa mpangilio ule ule. Sijapata bora zaidi.

Msichana aliinua macho. Alikiona kijishale. Akakisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto, kuhakikisha kwamba kweli kinamfuata yeye. Kisha akaanza kufuta. Hakuparura huku na huku kama wengine. Alianza kona ya juu kushoto, akaenda moja kwa moja mpaka mwisho, akashuka mstari, akarudi, akashuka, mkono wake ukienda vile vile ulivyokwenda na kitambaa juu ya meza zile kila Ijumaa. Vigae vikatoweka safu kwa safu bila kubaki hata kimoja. Mashine yao iliyochelewa kuanza ikawa ya kwanza kumaliza ukurasa uliofuata, na uliofuata tena.

"Anajua!" mvulana alisema kwa sauti, akisahau sheria, uso umemchangamka kweli. Ule haukuwa uso wa mtu aliyeshindwa. Yeye ndiye aliyemfundisha, na alijua hivyo.

Nikapiga makofi mawili.

Zamu tatu zilizobaki, na baada yake makundi mengine matatu, zilipita haraka zaidi. Kundi la mwisho waliwahi kugusa hata zoezi la herufi zinazoanguka, na nilifurahi kuona vidole vikienda kwenye F na J vikitafuta kinundu, vikikipata, mtoto akitabasamu mwenyewe. Mmoja, kwenye ukurasa wa kuandikia, alibonyeza A bila kuachia, kioo kikajaa A mstari mzima, akarudi nyuma kwa woga. Nikamwonyesha kitufe cha kufutia. Hakuna kilichoungua.

Muda wote huo mwalimu mkuu hakuwa ameondoka mlangoni. Watoto wa kundi la mwisho walipotoka kutafuta viatu vyao aliingia, akasimama mbele ya mashine yenye ufa. Yule msichana alikuwa amerudi kusaidia kufunika vitenge, kwa mazoea tu, maana siku hiyo haikuwa Ijumaa.

"Hiki mnakishikaje?" mzee akauliza. Hakuniuliza mimi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Haya, nionyeshe."

Msichana akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Alivuta kiti, mzee akakaa, akakishika kipanya kwa kiganja kizima, kwa nguvu. Msichana akaweka mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mwalimu, usitazame mkono," alimwambia kwa adabu kubwa. "Tazama kioo. Kuna kijishale cheupe."

Ilimchukua muda. Alikiinua kipanya hewani, akaelekezwa akirudishe. Akakipoteza kijishale, wakakitafuta wote wawili. Vigae vya kwanza vilipotoweka alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ofisini, na hakuinuka mpaka mnyama wote alipoonekana.

Jumamosi ile alikwenda Kondoa mjini kwa shughuli zake. Jumatatu aliniita, akafungua leja kwenye ukurasa wa zile kompyuta, akanionyesha mstari mpya alioandika kwa mkono wake: funguo za pili za chumba, zimechongwa, amekabidhiwa mwalimu wa Sayansi na Teknolojia. Nikatia sahihi. Akaniambia nipange ratiba ya darasa la sita na la saba pia, na kwamba umeme tutagawana, wiki moja yeye, wiki moja mimi, mpaka ruzuku inayofuata iingie.

Kuhusu usafi wa Ijumaa, nilimwomba wavulana nao waingie kwenye zamu. Akakubali, wakaanza wiki ile ile.