Mchezo usioazimika

Jana, nikisafisha sanduku la zamani nyumbani kwetu Langoni, hapa Lamu, niliikuta PSP Go niliyoletewa na mjomba kutoka Dubai, kifaa cha mkononi cha michezo cha kampuni ya Sony kilichotoka mwaka 2009 kikiwa na hifadhi ya gigabaiti 16 lakini bila nafasi ya diski, hivyo kila mchezo ulilazimika kupakuliwa. Wenzangu wa barazani, waliokuwa na PSP za kawaida, waliazimana diski hadi vifuniko vyake vya plastiki vikapasuka. Mimi sikuwa na cha kuazima wala cha kuazimisha. Kwa kuwa kuta zetu za matumbawe ni nene, nilipandisha kompyuta na modemu darini nipate mtandao, na kifurushi kikaisha kabla ya adhana ya alfajiri, mchezo ukiwa nusu. Nakiri kifaa chenyewe kilikuwa kizuri, na kilienea mfukoni mwa kanzu. Mwaka 2021 Sony iliondoa uwezo wa kununua uliokuwa umesalia kwa PSP, huku maduka ya mtandaoni ya PS3 na PS Vita, vifaa vyake vingine vya michezo, yakinusurika baada ya wateja kulalamika. Nimekichaji kwa waya wake, ambao haufanani na mwingine wowote, na michezo mitatu bado inafunguka. Mpwa wangu alikigeuzageuza, kisha akauliza diski huingizwa wapi.