Kihamba cha Babu na Sheria ya 1923

Mwaka 1997, nikiwa mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilikwenda likizo Marangu, mlimani Kilimanjaro, nikamkuta babu hana raha. Ofisa mmoja alikuwa amemwambia kwamba kihamba, yaani shamba la ukoo la Kichagga, alichorithi kwa baba yake, kwa kuwa hakikupimwa wala hakina hati, ni mali ya serikali, naye anakikalia kwa hisani tu.

“Mjukuu wangu, ndivyo mnavyosomeshwa huko?” aliniuliza.

Nilimweleza kwamba chanzo cha maneno yale ni Sheria ya Ardhi ya 1923, iliyotungwa Waingereza walipoitawala Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Sheria hiyo iliitangaza ardhi kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana na kwa manufaa ya wenyeji, huku ikizihifadhi hati walizokwisha kupata walowezi enzi ya Wajerumani. Utangulizi wake uliahidi kulinda haki za kimila, lakini haki ya kukalia ardhi iliyoelezwa katika vifungu ilikuwa ile iliyotolewa na Gavana mwenyewe, kwa muda usiozidi miaka 99. Ndipo mwaka 1928, wakati wa Gavana Donald Cameron, tafsiri ya haki hiyo ikapanuliwa, ikamjumuisha pia mwenyeji au jamii inayotumia ardhi kihalali kwa mujibu wa mila.

Babu alicheka kidogo. “Kumbe ilichukua miaka mitano Gavana kutuona, na masale, mimea tunayopanda mpakani, yamejaa mlima mzima!”

Hata hivyo, nilimwambia kwamba marekebisho yale hayakuwa madogo, kwani jirani zetu wa Kenya walikuwa wametamkiwa na Mahakama Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa ni wapangaji tu wa Mfalme, wa kuondolewa apendapo. Udhaifu wa sheria yetu, kwa maoni yangu hadi leo, ni kwamba ilimtambua mkulima bila kumpunguzia Gavana mamlaka, na mamlaka hayo yakarithiwa na serikali huru. Ilibidi Mahakama ya Rufani itamke mwaka 1994 kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

Barua tuliiandika jioni ileile, tukataja marekebisho ya 1928 na hukumu ya 1994, babu akaweka sahihi. Jibu halikuja, wala ofisa yule hakukanyaga tena kihambani.