Jinsi nilivyotatua ugumu wa pedali ya breki

Pedali ya breki ilipokuwa ngumu kiasi cha kunilazimu kuikanyaga kwa nguvu zote, niliacha kuliendesha gari na kuanza kulichunguza busta, yaani kifaa kinachotumia ufyonzaji wa hewa wa injini (vakyumu) kuongezea nguvu mguu unapokanyaga breki. Injini ikiwa imezimwa, nilikanyaga pedali mara 5, nikaishikilia na kuwasha injini. Pedali ilipaswa kuzama kidogo, lakini haikusogea. Chini ya boneti nilisikia mlio mwembamba wa hewa inayofyonzwa, na kwenye mpira wa vakyumu unaounganisha injini na busta, karibu na valvu, palikuwa na ufa uliojificha nyuma ya klipu, ambao ulifunguka kila nilipoupinda mpira. Nikaweka mpira mpya, kwani kuuzungushia mpira wa zamani utepe ni kujidanganya, na nilipolirudia jaribio pedali ilizama.