Oili ya giaboksi: kosa langu lilikuwa kwenye kupima

Asubuhi moja niliweka gia kwenye D, nikaachia breki, gari halikwenda. Nikahesabu moja, mbili, tatu, ndipo likashtuka kama limepigwa teke kwa nyuma, likaondoka. Nikasingizia baridi. Siku chache baadaye, nikiwa napanda mlima, mshale wa mizunguko ya injini uliruka kutoka 2,000 hadi karibu 4,000, mwendo ukabaki uleule. Injini inanguruma, magurudumu hayana habari.

Fundi aliliendesha mara moja, akarudi anafuta mikono. "Bosi, hii giaboksi imekwisha. Tafuta nyingine tufunge." Boneti hakuifungua. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ushahidi nilionao ulimuunga mkono. Oili ya giaboksi nilikuwa naipima kila mwisho wa mwezi, na kila mara dipstiki, kile kijiti cha kupimia, ilionyesha imejaa, tena imepita alama ya juu kidogo. Kama oili imejaa na gia zinateleza, basi klachi za ndani, zile sahani zinazobanana ili gia ishike, zimelika. Sikuona pa kubishia.

Usiku ule nilitoa kitabu cha gari kwenye droo ya dashibodi. Nilichokuwa natafuta ni namba ya aina ya giaboksi, ili niulizie bei ya iliyotumika. Nikapita kwenye ukurasa wa kupima oili, nikasoma, nikarudia kusoma.

Miezi yote ile nilikuwa napima oili ya giaboksi kama ninavyopima ya injini: asubuhi, injini imezimwa, imetulia. Kwa injini ni sawa, maana unataka oili yote iwe imeshuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini. Giaboksi ya otomatiki kama yangu inataka kinyume chake. Pampu yake inazunguka pale tu injini inapozunguka, na ndipo oili inapojaa kwenye torki konvata (kiungo kinachotumia oili kupitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi), kwenye mipira ya kwenda rejeta inakopozwa na kwenye vinjia vyote vya ndani. Ukizima, sehemu ya oili hiyo inarudi chini, sampu inajaa, nawe unasoma kiwango ambacho giaboksi haikioni kamwe ikiwa kazini.

Kesho yake nikafuata kitabu neno kwa neno. Niliendesha mpaka kila kitu kikapata moto, nikaegesha mahali tambarare, nikavuta breki ya mkono, injini inaunguruma taratibu. Mguu ukiwa kwenye breki, nikapitisha gia P, R, N, D na zile za chini, kila moja nikiipa sekunde kadhaa, kisha nikarudisha P. Nikachomoa dipstiki, nikafuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, nikachomeka hadi mwisho, nikachomoa tena. Ncha tu ndiyo iliyokuwa na unyevu.

(Utaratibu huu si wa magari yote. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imetoka tu kuzimwa. Mengi ya siku hizi hayana dipstiki kabisa. Kuna nati ya kukagulia chini, na joto la oili lazima liwe kwenye kiwango kilichoandikwa. Jirani yako mwenye uzoefu wa miaka 20 anaweza kuwa sahihi kwa gari lake na akakuharibia lako.)

Oili ikipungua, pampu inavuta hewa. Hewa inabonyea, oili haibonyei, kwa hiyo shinikizo la kubana klachi linakosekana. Ndiyo maana D ilichelewa, na ndiyo maana mlimani, oili ilipokimbilia upande mmoja wa sampu, klachi ziliteleza.

Kabla ya kufurahi nilidondosha matone kwenye karatasi nyeupe. Rangi ilikuwa nyekundu iliyofifia kuelekea kahawia. Nikanusa: haikuwa na harufu ya kuungua. Ingekuwa nyeusi na inanuka moto, ningempigia simu fundi yule nimwombe radhi. Ingekuwa kama maziwa yenye waridi, maana yake maji ya rejeta yamechanganyika nayo, na hapo gari halitakiwi kuendeshwa hata hatua moja.

Sasa, ilikwenda wapi? Nilitandika boksi la katoni lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha, na nikaweka alama ya mahali matairi ya mbele yalipo. Asubuhi palikuwa na doa jekundu mbele kabisa, chini ya rejeta, mbali na giaboksi yenyewe. Nilipapasa mpira unaorudisha oili kutoka kwenye kipoza oili kilicho ndani ya rejeta: umekakamaa kama mti, na klipu yake imelegea. Nikabadilisha mpira na klipu zote mbili, injini ikiwa imepoa. Mpira uwe ule wa oili ya giaboksi; wa maji hauvumilii oili na joto lake.

Kwenye kuongeza nilikwenda kwa woga. Kitabu kiliandika aina ya oili, Type T-IV, nikanunua hiyo. Usichukue "nyekundu yoyote", na kama gari lako ni la CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua), ATF ya kawaida, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, isiingie humo hata kidogo. Nilimimina nusu lita kwa faneli nyembamba kupitia tundu la dipstiki, injini ikiwaka, nikapitisha gia, nikapima. Nusu nyingine, nikapima. Ilimeza lita moja na nusu. Ya mwisho nilikaribia kuimwaga yote kwa mkupuo kwa furaha, nikajizuia, maana ikizidi inapigwa na sehemu zinazozunguka, inatoa povu, na povu ni hewa ileile iliyonisumbua.

D ikaitikia papo hapo. Mlima nikaupanda mara tatu, ya tatu bila sababu yoyote ya maana.

Wiki mbili baadaye nikamwaga oili ya zamani. Zilitoka lita tatu hivi, chini ya nusu ya inayokaa ndani, kwa sababu nyingine hubaki kwenye torki konvata. Nikarudisha kiasi kilekile nilichopima kwenye ndoo. Sumaku za sampu zilikuwa na tope laini la kijivu, jambo la kawaida kwa umri wake. Nilichokuwa nahofia ni vipande vya chuma, navyo havikuwepo.

Katoni bado naitandika kila Jumamosi usiku. Wiki iliyopita ilikuwa na doa jipya, jeusi, upande wa injini.