Spana Iko Wapi?

Tulikuwa tumeitwa kuzungumzia pampu mbovu ya kisima cha kijiji, na akina mama wa kamati ya maji hawakuwapo. Wanaume walishakaa kivulini muda mrefu, na mmoja akaanza: ndiyo hayo, wanawake ukiwapa nafasi hawatokei. Mimi nilikuwa karani wa mradi, msichana mwenye kalamu na daftari, na nilijua waliko kwa sababu gari letu liliwapita njiani. Walikuwa na madumu, wanatoka kuchota kijiji jirani. Pampu ikifa, wajumbe wanaochota maji wanatembea mara mbili zaidi, kisha wanaulizwa kwa nini wamechelewa.

Walipofika, mkuu wa msafara wetu alikuwa katikati ya hotuba. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yamepitishwa Septemba 2015, na fomu zetu zilishabadilishwa: safu moja ya lengo la 6, maji, nyingine ya lengo la 5, usawa wa kijinsia. Kamati hii ilikuwa fahari yake kwa sababu nusu ya wajumbe walikuwa wanawake. Akasema hata wataalamu wa maji waliokutana Dublin, Ireland, mwaka 1992 walilitambua hilo, kwamba mwanamke ndiye nguzo katika kuleta, kutunza na kulinda maji. Watu wakapiga makofi. Nami nikaandika: nusu.

Mweka hazina, mama wa makamo ambaye hata dumu alikuwa hajalitua vizuri, akanyoosha mkono.

"Samahani baba, nina swali dogo. Spana iko wapi?"

Kimya. Mwenyekiti akamtazama katibu, katibu akatazama chini. Kila mtu pale alijua. Mradi ulipoanza walichaguliwa vijana wawili wa kiume wakafundishwa ufundi, wakapewa spana na vipuri. Ufundi ukawafungulia njia, wakaenda mjini kutafuta kazi, na spana ikaenda nao. Siwalaumu, kijana mwenye ujuzi mkononi atakaa kijijini afanye nini? Ila wanawake wa kamati walikuwa wamepewa kufagia eneo la kisima na kufukuza mifugo. Na huyo mweka hazina, nilikuja kugundua siku hiyohiyo, alikuwa na daftari la michango tu. Ufunguo wa kasha la fedha ulikaa kwa mwenyekiti.

Fundi tuliyekuja naye alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Twendeni tukaifungue, mtazungumza mkiniona." Ilikuwa Afridev, pampu ya mkono iliyobuniwa miaka ya 1980 kwa ajili hiyo hasa, wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe. Spana moja inatosha kufungua kichwa chake. Vyuma virefu vya ndani vimeunganishwa kwa kulabu, unaviachanisha kwa mkono kimoja baada ya kingine, na pistoni inayopandisha maji inatoka bila kung'oa bomba lililozama kisimani. Akafungua nati ya kwanza, kisha akampa spana mweka hazina bila kuuliza mtu.

Yule mama akajifunga kanga vizuri, akainama. Nati zilikuwa zimeshika kutu, zikakataa, zikakubali. Wenzake wakapokea vyuma, wakavilaza juu ya turubai kwa mpangilio vilivyotoka. Pistoni ilipofika juu, fundi akaonyesha mpira wake: ukingo ulikuwa umelika, umekuwa laini kama sikio. Hicho tu ndicho kilichokuwa kinawatembeza watu wale. Wakaubadilisha kwa vidole, wakarudisha vyuma, mpini ukasukumwa; mwanzoni hewa, kisha maji.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe mkutano ndio ulikuwa unaanza.

Mwenyekiti, ambaye naamini hakuwa mtu mbaya, akasema vizuri, akina mama wafundishwe, tena itakuwa bure kwa sababu maji ni yao. Mweka hazina akamgeukia. "Mwenyekiti, wale vijana walipokuwa wanafungua pampu, tulikuwa tunawalipa kutoka kwenye kasha. Mimi mwenyewe niliandika. Sasa spana ikija kwetu, kazi imekuwa sadaka?"

Mzee mmoja akauliza swali la maana zaidi: tutajuaje kwamba na hao hawataondoka? Mama mwingine akajibu haraka, "Sisi tuna watoto na wazee wa kuhudumia, tutakwenda wapi?" Watu wakacheka, hata wanawake. Mimi sikucheka. Mpaka leo husikia jibu hilo likitolewa kwa fahari katika semina, kwamba mafundi wanawake ni uwekezaji salama kwa kuwa hawahami. Tunawaamini kwa sababu wamefungwa na kazi za nyumbani zisizolipwa, kazi zilezile ambazo lengo la 5 linataka zitambuliwe na zigawanywe. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Watoto la Umoja wa Mataifa (UNICEF) ya mwaka 2023 ilieleza kwamba katika kaya 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, wachotaji wakuu ni wanawake na wasichana. Fundi anayetoka kubadilisha mpira wa pampu bado ana dumu lake la kujaza.

Wakabishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho wakakubaliana: wanawake watatu na kijana mmoja wafundishwe, malipo yawe yaleyale ya zamani, ufunguo wa kasha uhamie kwa mweka hazina, na spana ikabidhiwe kwa kutia sahihi. Mkuu wa msafara alitaka niandike kwamba wanawake wameshirikishwa ipasavyo. Mweka hazina akaniinamia akaniambia, "Mwanangu, hayo yaandike ukipenda. Lakini kwanza andika nani anashika nini." Nikaandika hivyo, jina kwa jina.

Baadaye nilisimuliwa kwamba mmoja wa wale vijana alirudi kusalimia, akakuta pampu inafanya kazi, akaingiwa na wivu wa kazi yake ya zamani. Akaenda kutaka aingizwe tena kwenye ufundi. Wakamwambia nafasi ipo, arudishe kwanza spana aliyoondoka nayo.