Siku moja maishani mwangu: Q moja imekula siku nzima

Saa 1 asubuhi

Nafungua simu nakuta meseji tatu za jamaa mmoja ninayemfundisha Scrabble (mchezo wa kupanga maneno ya Kiingereza ubaoni kwa kete za herufi), zote za usiku wa manane. Ya kwanza: "Kocha nimepigwa 390 kwa 384." Ya pili picha ya fomu ya mechi. Ya tatu herufi kubwa tupu: "NIMEKOSA QUAINTER!!!" Nikacheka peke yangu, maana kila mtu akifungwa lazima alale na neno moja refu ambalo hakuliona, na mara nyingi hilo neno halina kosa lolote.

Kazi yangu ndo hii. Watu wananitumia fomu za mechi zao za mashindano, mi naijenga mechi upya kete kwa kete kwenye komputa halafu nawaambia ilipotelea wapi. Leo nilipanga kuchambua mechi mbili, nikaishia moja.

Saa 2

Kujenga mechi upya kunachosha kuliko uchambuzi wenyewe. Kwenye fomu kila neno lina anwani yake, ikianza namba kama 8D neno limelala, ikianza herufi kama E7 neno linashuka. Sasa huyu jamaa U yake na V yake ni mapacha, nimekaa dakika ishirini nikijiuliza neno gani hili mpaka nikaangalia hesabu ya pointi ndo nikaelewa (U ni pointi 1, V ni 4, hesabu haidanganyi).

Ila hesabu nayo ina yake. Neno moja la mpinzani limeandikwa 36, programu inasema 34. Kumbe walihesabu G mara mbili kwa sababu ya kisanduku cha bonasi ambacho kilishafunikwa zamu za nyuma, na kisanduku kinalipa mara moja tu, siku kinapofunikwa. Wote wawili wamesaini fomu, hakuna aliyeshtuka. Kwa hiyo kiukweli alifungwa kwa pointi 4, sio 6. Hili nimeamua nisimwambie mwanzoni.

Saa 3

Natumia Quackle, programu ya bure, ndo ile ambayo mwaka 2006 kule Toronto ilimfunga David Boys aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Nainyenyekea, ila sio kila kitu.

Jamaa alianza yeye, mkononi B E I N R T U. Akaweka TURBINE, 8D. T imekaa kwenye kisanduku cha herufi mara mbili, jumla 10, mara mbili kwa sababu ya nyota ya katikati ni 20, ongeza 50 za kumaliza kete zote saba, ni 70. Herufi zilezile zinatoa TRIBUNE, na pale pale inalipa 70 ileile. Tofauti iko kwenye mkia: TRIBUNE ukiiongezea herufi mwishoni inapokea S tu, TURBINE inapokea S na D pia, kwa hiyo mpinzani anapata milango miwili badala ya mmoja. Mi ningeweka TRIBUNE. Ni jambo dogo, mechi haikufia hapo, lakini kuna kitu nimekiandika pembeni: katika U nne za mchezo mzima, ambazo Q inazihitaji karibu kila neno, moja imeondoka zamu ya kwanza, na aliyeitoa ni yeye.

Zamu ya 2 mpaka ya 7 nimepita haraka. Kacheza vizuri kwa kweli. Kuna S moja kaitumia kwa pointi 3 za ziada, na S kuishikilia ina thamani kama ya pointi 8 hivi, nimemwekea alama nyekundu nikaendelea.

Saa 5

Zamu ya 8, na hapa nimekaa.

Anaongoza kwa 18. Mkononi D E I N O Q W. Chini ya ubao kuna E inayoning'inia pale I15, akaipitishia WIDEN, 15F, D ikatua kwenye kisanduku cha neno mara tatu, pointi 27, akabaki na E O Q. Wakati huohuo L13 kuna I ambayo juu yake pako wazi, na L12 ni kisanduku cha neno mara mbili. Ukiweka Q peke yake pale unapata QI, neno halali lisilohitaji U, pointi 22. Kete moja! Unabaki na D E I N O W, unavuta moja tu, na Q umeshaachana nayo.

Nimempigia simu nikamuuliza uliiona QI? Akasema, "Niliiona Kocha, ila niliogopa mpinzani atachukua kile kisanduku cha mara tatu, nikajua QI itanisubiri." Hoja ya mara tatu ni ya kweli, siwezi kumkatalia. Lakini QI kukusubiri? Zamu iliyofuata mpinzani akapitisha neno la pointi 18 juu ya L12, kete tatu tu, mlango ukafungwa.

Halafu hesabu yenyewe. Wakati ule kete zisizoonekana zilikuwa 28, yaani 21 za mfukoni na 7 za mpinzani, blanki zote mbili (kete tupu zinazosimama badala ya herufi yoyote) zilishatoka, U tatu zilishatoka. Imebaki U moja kati ya kete 28 na yeye anavuta nne, ni nafasi moja kati ya saba. Kwa ajili ya pointi 5 za ziada. Programu nikaiacha icheze mbele maelfu ya mara, QI inatoka juu ya WIDEN kila nikirudia, na mi nilishaamini kabla haijamaliza.

Saa 8 mchana

Sasa QUAINTER. Zamu ya 10, mkononi A E I N R T na Q. Aisee hizo sita za kwanza kila mchezaji anaziota. Ingekuwa G badala ya Q unapata GRANITE, D unapata TRAINED, P unapata PAINTER, C unapata CERTAIN. Q ndo imekaa pale kama mgeni asiyeaga.

Lakini U ya TURBINE iko pale E8, na kweli ukiipitia kwenda chini unapata QUAINTER, kuanzia E7 mpaka E14. Ila E11 kuna Y. Pia kuna ANTIQUER, jamaa hata hakuiwaza, hiyo inakaa E3 mpaka E10, inagusana na ileile Y, inakuwa ANTIQUERY, sio neno. Kete moja imeua yote mawili, na hiyo Y aliiweka yeye mwenyewe zamu ya 4, alikuwa anafuata neno mara mbili. Kwa hiyo usiku mzima analilia neno ambalo halikuwa na pa kukaa.

Alichocheza ni RETAIN, O3, akaigeuza BAKE iliyokuwa ubaoni kuwa BAKER, N ikatua mara tatu. 21 na 11, jumla 32. Kwa macho yangu ilikuwa safi. Mfuko una kete 6, kwa hiyo kubadilisha hairuhusiwi, lazima ziwe 7 na kuendelea, nikasema basi, hapa hakuwa na la kufanya.

Saa 9

Programu ikaniaibisha. TRANQ, neno jingine la Q bila U, O2. R ileile inaigeuza BAKE kuwa BAKER, pointi 15 na 11, jumla 26, na Q imetoka! S zote nne zilishachezwa kwa hiyo hakuna wa kuja kuweka TRANQS. Mi nimeangalia hiyo reki (kete saba za mkononi) karibu saa nzima bila presha ya saa ya mezani na sikuiona, yeye alikuwa amebakiza dakika mbili katika 25 zake, na kila dakika ya ziada inakatwa pointi 10.

RETAIN ilimpa 6 zaidi ikamwachia Q tupu. Mbaya zaidi, I ya mwisho na A ya mwisho za mchezo zilikuwa ndani ya RETAIN hiyohiyo, na U ya mwisho mpinzani alishaiweka zamu ya 9. Q imekufa hapo. Alikuwa mbele 384 kwa 370 mpinzani alipomaliza kete, halafu Q ya mkononi inahesabiwa mara mbili, mpinzani anaongezewa 20, ikawa 390.

Sitaki kusema "ungecheza TRANQ ungeshinda". Ukibadilisha zamu moja kete zinazovutwa zinabadilika zote. Ninachoweza kusema ni kwamba mara mbili aliichagua Q ibaki, mara ya kwanza kwa pointi 5, ya pili kwa pointi 6. Timu ya Nigeria ya Wellington Jighere, aliyekuwa bingwa wa dunia 2015, ilisifika kwa kuchagua neno la herufi tano hata refu likiwepo, na mpaka leo kuna watu wanaona ule ni woga.

Saa 12 jioni

Nimemwandikia ripoti, kurasa mbili. TRIBUNE nimeiweka mwisho, TRANQ juu kabisa, na ile 36 iliyotakiwa kuwa 34 nimeiweka katikati aisome ameshakaa chini.

Saa 2 usiku

Amejibu. Ripoti yote amesema "sawa Kocha", halafu: "Kwani E11 ingekuwa wazi, QUAINTER ingekuwa pointi ngapi?"

84. Na ANTIQUER nayo 84, nilishapiga hesabu mchana.